Njia Kabla ya Lori

Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama, Mkuyuni

 

Nimepewa na Halmashauri nusu saa niseme juu ya uchukuzi wa mazao yetu. Walionitangulia wamekwisha eleza habari za hisa, za akiba na za mikopo, nao wamezieleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo sitazirudia. Yapo pia maneno ambayo siku ya sherehe mtu hutarajiwa kuyasema, maneno ya kusifiana sisi kwa sisi. Nayo nitayaacha, kwa kuwa alasiri hii, baada ya chakula, mtaulizwa swali moja kubwa: ziada tuliyoiweka tangu mwaka 2015 itumike namna gani? Najua wengi wenu mmekuja na jibu mkononi. Mnataka lori. Mimi nami nilitaka lori, tena jina langu ndilo la kwanza katika kumbukumbu za mkutano ulioanza kulitaja. Leo naomba ruhusa yenu nieleze kwa nini nimebadili shauri.

Kwa ajili ya wageni wetu, yafaa kwanza nieleze mahali tulipo. Barabara inayotoka Bigwa, mlangoni mwa mji wa Morogoro, huizunguka milima ya Uluguru upande wa mashariki. Hupita Kiroka, hufika hapa Mkuyuni, kisha huendelea Matombo na Mvuha hata Kisaki, mwendo wa zaidi ya kilometa 130. Mwanzo wake uko karibu na Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907. Mwisho wake uko penye stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokamilika kujengwa mwaka 1975. Basi sisi tumekaa baina ya reli mbili, na mtu aliyekaa ofisini akiitazama ramani atasema kwamba watu hawa hawana shida yo yote ya njia. Lakini karatasi ya ramani ni bapa. Wengi wa wanachama wetu hawakai barabarani. Wanakaa juu, migongoni mwa milima, ambako mvua ni nyingi na udongo ni mzuri, na kati yao na barabara viko vijito ambavyo majina yake yanajulikana na wenyeji peke yao.

Shuleni tulifundishwa kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Nilipokuwa kijana nililikariri neno hilo na kufaulu mtihani, wala sikufikiri kwamba kwa maelezo hayo kwetu ni kisiwa kila mwaka, kuanzia Machi hata Mei. Mvua ya masika ikishika, kijito cha kulia hujaa, cha kushoto hujaa, na aliye katikati hukaa na mananasi yake akiyatazama yanavyoiva. Kwa sababu hiyo nimependa kusoma habari za wenzetu wa visiwani, maana shida yao na yetu ni ndugu.

Mtu wa kisiwani huuhamisha mzigo mara nyingi: kutoka shambani hata pwani, kutoka pwani hata chomboni, kutoka chomboni hata gatini, na tena kutoka gatini hata ghalani. Kila mara mzigo unapoinuliwa na kuwekwa chini, pana mtu wa kulipwa na pana kitu cha kupotea. Karafuu ya Pemba iliivumilia safari hiyo kwa kuwa ni kavu na nyepesi, na ratili moja yake ina thamani, papai lisingeivumilia. Huko Unguja mwaka 1905 ilijengwa reli ndogo kutoka mjini hata Bububu, kiasi cha maili 7. Ilikuwa ajabu ya zama zake. Motokaa zilipozidi kuenea katika miaka ya 1920, reli ile ikakosa kazi na mwisho ikakomeshwa. Lakini watu wa Bububu hawakukwama, kwa sababu barabara ilikuwapo, nayo hutumika hata leo. Naomba mlishike jambo hili dogo mpaka nitakapolirudia: chombo kilikwisha, na njia ikabaki.

Mlima wetu umepata kuona uchukuzi wa namna mbaya kuliko wetu wa leo. Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipowafukuza Wajerumani kutoka Morogoro, yaliwafuata kwa pande zote mbili za Uluguru hata Kisaki. Magari yalizama katika matope, farasi wakafa kwa mbung'o, na mzigo ukarudi pale ulipokuwa tangu zamani, yaani kichwani mwa mtu. Maelfu mengi ya wapagazi wa vita vile walikufa kwa maradhi na njaa, na wachache mno wana kaburi lenye jina. Kikosi chao kilikuwa na kambi Dar es Salaam, na jina lake la Kiingereza, lilipotamkwa na watu wetu, likawa Kariakoo. Basi nanasi la Mkuyuni linapofika katika soko la Kariakoo, huuzwa mahali palipopewa jina la watu waliobeba mizigo kwa vichwa. Na mama aliyeliteremsha kutoka shambani alilibeba vile vile.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, nayo hainipi sifa.

Mwaka 2018, Chama kilipokuwa na umri wa miaka mitatu na mimi nilipokuwa karani tu, tulipatana na mnunuzi mmoja wa mjini atuletee lori siku ya Jumatano, nasi tulijaze mananasi. Bei ilikuwa nzuri, nzuri kuliko zote tulizowahi kupewa. Lori lilifika saa mbili asubuhi, kabla ya wakati tuliopatana. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu. Hapa chini hatukuona hata tone. Tukangoja. Hata adhuhuri walikuwa wamefika wanachama wa vijiji vya karibu peke yao, na lori halijafika nusu. Saa tisa dereva akatia moto akaondoka. Mnunuzi alikata gharama ya nafasi tupu katika malipo yetu, na mapatano yakaishia hapo. Mimi nikalifungua daftari nikaandika kwa wino mweusi: Shehena pungufu, sababu, uzembe wa wanachama. Daftari hilo liko ofisini hata leo. Sikulifuta neno lile, na mwenye kutaka kuliona na aje alione.

Taarifa hiyo niliisoma mbele ya mkutano. Nilipomaliza, mama mmoja wa vijiji vya juu, mtu mzima wa kutosha kunizaa, akasimama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, neno hilo la uzembe umelipata wapi? Umepata kufika kwangu?"

Nikamjibu, "Bado, mama."

Akasema, "Basi njoo ulale kwangu usiku mmoja, asubuhi tuteremke pamoja. Ukisha rudi, andika upendavyo."

Watu wakacheka, nami nikaona haya. Lakini nilikwenda.

Tuliamka saa kumi za alfajiri. Mananasi yalikuwa yamepangwa katika tenga tangu jioni, yamefunikwa majani ya mgomba. Mama akakunja ngata ya kitambaa, akaiweka kichwani, jirani yake akamsaidia kujitwika. Tenga lile nililipima baadaye kwa mizani yetu, likawa kilo 28. Mimi nilipewa dogo lililo nusu yake, na sitaficha kwamba nililitua mara nyingi kuliko yeye. Njia za wazee wetu hazikuchongwa kwa ajili ya mizigo mizito. Hushuka moja kwa moja kwa mgongo wa mlima, kwa kuwa mtu mwepesi hupenda mkato. Maji ya mvua nayo hupenda mkato. Basi njia na mfereji vimekuwa kitu kimoja, na mwenye mzigo hushuka ndani ya mfereji, akichimba udongo kwa vidole vya miguu, shingo imekaza, macho yakitazama hatua moja tu mbele yake.

Tulikuta vijito viwili. Cha kwanza kilikuwa chepesi. Cha pili kilikuwa na magogo mawili yaliyolazwa kuvuka, yenye utelezi kama sabuni. Hapo akina mama wote wakatua. Kila mmoja akagawa mzigo wake mara mbili, akavuka, akarudi, akavuka tena. Kazi ile peke yake ilichukua karibu nusu saa, na siku ile maji yalikuwa kidogo. Nikauliza, "Na yakijaa?" Wakanionyesha takataka zilizonasa katika matawi ya mti, juu ya kichwa changu. "Hapo ndipo yafikapo," wakasema. "Tunakaa tunangoja, au tunarudi nyumbani." Nilipoyatazama majani yale makavu yaliyoning'inia juu nilikumbuka Jumatano yetu, na lori, na wino wangu mweusi.

Tulifika barabarani saa moja na nusu, mwendo wa saa tatu na zaidi. Pale mlangoni mwa njia alikuwa amekaa dalali juu ya pikipiki yake, amevaa koti safi, anakunywa chai. Akamwamkia mama kwa adabu kabisa, akayatazama mananasi, akasema, "Leo mananasi ni mengi, mama." Kisha akataja bei. Sitaitaja hapa kwa sababu wengine wenu mliwahi kuipokea na mtaona uchungu. Mama akautazama mlima, akalitazama jua, akakubali. Alipokwisha hesabu fedha nikamwuliza kwa nini hakukataa. Naye akaniuliza mimi, "Nikatae, kisha niyapeleke wapi?"

Bwana Mwenyekiti, nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya masoko, lakini sijapata kuona somo hilo limeelezwa kwa maneno machache kuliko yale. Mzigo uliokwisha teremka haupandi tena, na dalali anajua. Hanunui nanasi peke yake. Hununua na uchovu wa yule aliyelibeba. Ni rahisi kumtukana, na katika mikutano yetu tumemtukana vya kutosha, lakini yeye hakuuumba mlima wala hakuyalaza magogo yale mawili. Amekaa tu mahali ambapo njia yetu imemtandikia mkeka. Basi tukinunua lori zuri kiasi gani tukalisimamisha pale pale, nalo litangoja kama lile la mwaka 2018, na dereva wetu naye atakunywa chai.

Tangu siku ile nimekuwa nikiiona njia katika kila jambo. Nimemsikia bwana shamba akiwahimiza watu wa juu walime hiki na kile. Lakini mwenye kuamua hasa ni njia. Tazameni wenyewe. Walio karibu na barabara wana mananasi, mafenesi, machungwa na ndizi. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyokuta karafuu, pilipili manga, mdalasini na iliki, mazao yanayokaushwa, yasiyooza, ambayo kilo moja yake yalipa jasho la shingo. Hii ni akili njema ya wazee wetu, sawa na ya watu wa Pemba. Lakini mti wa karafuu hungojewa miaka mingi kabla haujalipa, na kijana mwenye shamba dogo hana miaka ya kungojea. Hulima kinacholipa mwaka huu, hukibeba, hukiuza kwa hasara, na mwaka wa tatu tunasikia yuko Dar es Salaam.

Naomba niseme neno moja la pembeni. Maji ya mlima wetu huteremka katika mto Ruvu, na mto Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Maji hayo hufika mjini bila lori, bila nauli, bila dalali. Nimewahi kufikiri, nikiwa nimechoka, kwamba ingekuwa heri nanasi nalo lingejua kuogelea.

Nirudi katika lori. Lori si chuma peke yake. Ni dereva na taniboi, ni mafuta, ni matairi, ni bima na leseni, ni fundi wa kulilaza gereji. Msimu wa matunda ni miezi michache. Miezi mingine litasimama chini ya mwembe likila fedha, au litatafuta mizigo ya watu wengine na kugeuza Chama chetu kuwa kampuni ya uchukuzi. Wafanya biashara wenye malori wapo, nao huja wenyewe hata mlangoni petu wakisikia kwamba upo mzigo wa kulijaza gari kwa siku moja. Kinachotukosesha bei ni kwamba hatuna uwezo wa kuuahidi mzigo huo na kuutimiza.

Tena tusisahau yaliyowapata waliotutangulia. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Mali nyingi waliyoinunua wakulima kwa senti zao ikapita katika mikono ya wengine. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini gari lililokwenda halikurudi likiwa lile lile. Sisemi kwamba jambo kama hilo litatokea tena, maana sheria tuliyo nayo sasa, ya mwaka 2013, imetamka wazi kwamba ushirika ni wa wanachama. Nasema tu kwamba lori lina ufunguo, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu. Daraja halina ufunguo.

Mapendekezo yangu ni haya. Pale penye magogo mawili, ambapo hukutana njia za vijiji vitatu, pajengwe daraja la mawe. Njia ichongwe upya kutoka hapo hata barabarani, isiteremke moja kwa moja bali izunguke mteremko kama nyoka, na kila zamu iwe na mfereji wa kuyatupa maji pembeni. Na mlangoni mwa njia, pale anapokaa yule bwana wa pikipiki, tujenge banda la paa la bati lenye sakafu iliyoinuliwa, na ndani yake tuweke mizani yetu wenyewe. Sasa hivi pilipili manga hupimwa kwa kisado cha mnunuzi, na kisado cha mnunuzi kina tabia ya kurefuka kila mwaka.

Nimesema daraja la mawe kwa sababu mawe ndiyo mali tuliyo nayo bila kununua. Daraja la namna hii hufanywa kwa umbo la upinde. Hujengwa kwanza kiunzi cha mbao, mawe hupangwa juu yake na kushikwa kwa saruji, na kiunzi kikisha ondolewa kila jiwe humwegemea mwenzake. Uzito upitao juu huyakaza badala ya kuyalegeza. Halihitaji nondo nyingi, na ndiyo maana gharama yake ni ndogo kuliko daraja la zege na chuma. Wakala wa Barabara za Mijini na Vijijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga madaraja kama hayo katika mikoa kadhaa, Kigoma ukiwamo. Sisi si watu wa kwanza kulijaribu jambo hili, wala sitaki tulijenge kwa kukisia. Nimeandika barua kuomba mhandisi aje apime na kutoa idhini, na kimo cha upinde kitafuata zile takataka zilizonasa mtini, si kimo cha maji ya kiangazi.

Najua neno litakalosemwa na wajumbe wengine: hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli kwa sehemu. Barabara kuu na za mkoa zina TANROADS, za wilaya na vijiji zina TARURA, na tunayo haki ya kudai. Tudai. Lakini njia ya miguu, isiyopita gari, si rahisi kupata nafasi katika orodha ya mtu, na ndiyo hiyo inayoumeza mshahara wa mkulima. Tangu mwaka 2024 abiria hutoka Dar es Salaam na kufika Morogoro kwa treni ya umeme kwa muda usiofika saa mbili. Nilipanda treni hiyo mara moja nikashangilia kama mtoto. Kisha nikakumbuka kwamba mama yule hutumia saa tatu kulifikisha tenga lake barabarani, na kwamba hakuna treni itakayozipunguza saa hizo. Vivyo hivyo lami itakapofika mpaka Kisaki nitacheza ngoma pamoja nanyi, lakini lami haitapanda mlima. Wala kazi kubwa si kinga ya maji. Mwezi wa Mei mwaka 2024 barabara ya kwenda Lindi, barabara ya lami inayopitisha magari mazito, ilikatwa na mvua huko Somanga, na malori yakakaa siku kadhaa yakingojea kama akina mama wetu wangojavyo.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo linahusu kazi ya mikono. Kuchonga njia kutahitaji nguvu za watu, na mlima huu una kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 watawala wa kikoloni waliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta ya ngazi kwa amri na faini, wakisema ni kwa faida yao. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Yapo matuta ambayo watu waliyaacha yafe kwa sababu tu yaliletwa kwa fimbo. Kwa hiyo nasema mbele yenu: asiwepo mwanachama wa kulazimishwa kuchimba njia hii, wala asiwepo wa kutozwa faini. Atakayefanya kazi alipwe posho kutoka katika ziada, na vijiji vyenyewe vichague siku, zisiwe siku za palizi. Na kabla ya jembe kuigusa ardhi, wakuu wa koo waulizwe, maana njia ikipindishwa itapita katika shamba la mtu, na ardhi yetu, kama wageni wetu wajuavyo au wasivyojua, hufuata ukoo wa mama. Wenye ardhi ni ukoo wa mama, na wenye kubeba mzigo ni akina mama. Sijapata kuelewa kwa nini katika Halmashauri yetu wako wawili tu.

Jambo jingine litatuumiza kidogo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Pale penye magogo, kingo zimelimwa mpaka majini, nami najua ni mashamba ya nani, nao wanajua kwamba najua. Daraja halitadumu juu ya kingo zinazomomonyoka. Wenye mashamba yale wasinyang'anywe bure; tukae nao, tuwape miche ya migomba na ya mikarafuu wapande mahali pengine, na ukingoni tuache miti ishike udongo.

Neno la mwisho aliniuliza mjumbe mmoja jana usiku, naye aliliuliza kwa akili. Alisema, "Katibu, daraja likijengwa, asiye mwanachama naye atapita. Na yule dalali wako wa pikipiki naye atavuka, atapanda mpaka shambani, atanunua huko huko. Tutakuwa tumemjengea adui njia."

Nililifikiri swali hilo usiku mzima. Ni kweli atavuka. Vijana wetu wenye pikipiki nao watavuka, na kila mmoja atateremsha matenga mawili au matatu kwa muda mfupi. Asiye mwanachama atapita, na sioni namna ya kumzuia wala sitaki kuiona. Lakini juu ya dalali nasema: na aje. Akija mpaka nyumbani kwa mama, mananasi yangali shambani hayajakatwa, ngata haijakunjwa, jua halijachomoza, naye akataja bei ile aliyoitaja mwaka 2018, mama atamkaribisha chai, atasema hapana, na kurudi jikoni kwake. Hicho ndicho kitu ambacho lori haliwezi kumpa.

Michoro iko juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na hesabu ya saruji, mbao na posho. Wajumbe wasiosoma hesabu wasione haya kuniuliza. Na wanaosoma wazikague, maana nilizifanya usiku. Iwapo mtaamua lori, mimi ni mtumishi wenu, nitakwenda kulinunua na kulitunza kwa uaminifu. Lo lote mtakaloamua, Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa penye magogo, nikimngojea mhandisi tupime upana wa kijito. Mwenye kamba ndefu na aje nayo, kwa kuwa ya ofisi imekatika. Na wale wa ng'ambo, naona wingu limeanza kukaa juu ya mlima; ombi langu kwa Bwana Mwenyekiti ni kwamba chakula kiletwe mapema na kura zipigwe mara, wapate kuvuka kabla ya jioni.